Bibi Yuko Hewani

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa viatu vya shule, Chiriku alikuwa na kazi ya kupeleka maneno. Bibi yake aliishi nao ghorofa ya tatu, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kugombana na ngazi. Mama yake alikuwa dobi, na duka lake la kufulia lilikuwa chini kabisa ya jengo hilohilo, mlango ukitazama barabarani. Kati ya wanawake hao wawili, Chiriku alipanda na kushuka kama ndoo ya kisimani.

"Mwambie mama yako chumvi imekwisha."

Chiriku akashuka.

"Mwambie bibi yako chumvi iko nyuma ya sukari."

Chiriku akapanda.

"Mwambie mama yako hiyo si chumvi, ni sabuni yake ya unga!"

Safari hiyo alishuka mbio, kwa sababu Bibi alikuwa ameshaionja.

Jina lake la kuzaliwa lilitumiwa na walimu tu, wakati wa kuita mahudhurio. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake usiojua kupumzika, na kila mtu alijua mdomo huo ameurithi kwa nani. Siku ambazo mjukuu alichelewa kurudi kutoka shuleni, Bibi alitoa kichwa dirishani akamwita Mama kwa sauti iliyofika hadi kituo cha basi. Muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara alizijua habari za familia hiyo kuliko zile alizokuwa akiziuza. Akikutana na Mama humwambia kwa huruma, "Pole kwa yale ya chumvi."

Basi furaha ilikuwa kubwa siku baba mdogo, dereva wa malori ya safari ndefu, alipoingia na boksi kwapani. Ndani yake mlikuwa na redio mbili nyeusi za kuongelea, zile za kushika mkononi kama wanazobeba walinzi, kila moja na antena fupi nene.

"Unabonyeza hapa, unaongea," alieleza, kifua mbele. "Unaachia, unasikiliza. Hakuna vocha, hakuna bili. Moja kwa Bibi, moja dukani. Nimezipata kwa bei ya kutupa."

Bibi aliipokea yake kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga. Mama yeye aliigeuza yake akatazama mgongoni. Mama hakuwahi kutia nguo ya mteja majini kabla ya kusoma kitambaa kidogo cha maelezo kilichoshonwa ndani ya kola, na tabia hiyo alikuwa nayo kwa kila kitu. Mgongoni mwa redio palikuwa na alama ya gundi tu. Karatasi ya maelezo ilikuwa imebanduliwa.

"Shemeji, hizi zinaruhusiwa?" aliuliza.

"Kama haziruhusiwi, mbona zinauzwa?" alijibu baba mdogo, akacheka, akaaga. Lori lilikuwa linamngoja.

Mama hakucheka. "Kitu kinachorusha sauti hewani si kama pasi, kwamba unachomeka tu ukutani. Vingine vina kibali chake. Chiriku, kesho ukitoka shule uzipeleke kwa fundi redio wa pale kona. Usimuulize kama zinafanya kazi. Muulize kama tunaruhusiwa kuzitumia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Na kweli alimwelewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake baadaye.

Kesho yake alipofika kwenye karakana ya fundi, alimkuta amezama ndani ya televisheni iliyofunguliwa mgongo, bisibisi menoni, wateja wamemzunguka kila mmoja na lake. Chiriku akasimama na boksi lake. Wazo likamjia: je, akisema hapana? Aliziona ngazi zote zile zikimngoja. Magoti yakamuuma kabla ya wakati. Polepole akalisogeza boksi nyuma ya mgongo wake.

"Fundi, shikamoo!" aliita kwa haraka. "Redio zetu ziko sawa, eti?"

Kutoka ndani ya televisheni sauti ikajibu, "Sawa!"

Hata Chiriku mwenyewe hakuwa na hakika kama ile "sawa" ilikuwa yake, ama ya yule mteja aliyekuwa amesema atarudi jioni. Hakusubiri kujua. Aliidaka kama mpira akakimbia nayo nyumbani.

"Fundi amesema sawa," alimwambia Mama.

"Umemuuliza vile nilivyokuambia?"

"Ndiyo, Mama."

"Na alizitazama?"

"Alizitazama sana," alisema Chiriku. Uongo wa kwanza ulikuwa umeingia ndani, ukawashikia mlango wenzake.

Redio zikaanza kazi, na nyumba ikapata raha. Bibi aliishika lugha ya redio kwa siku moja. Alijipa cheo cha Makao Makuu, duka la kufulia akaliita Kituo Kidogo, na kila alipomaliza kusema alitia "ova", kama wafanyavyo walinzi.

"Kituo Kidogo, Kituo Kidogo, hapa Makao Makuu. Mashuka ya daktari wa meno nayaona hapa dirishani, yameanikwa kichwa chini, ova!"

"Shuka halina kichwa, Bibi, ova," alijibu Chiriku kutoka chini.

"Usibishane na Makao Makuu, ova!"

Wateja walivunjika mbavu. Wengine walileta nguo ambazo hazijachafuka, ili mradi wapate kusikiliza. Hata Mama, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, alionekana akiinama nyuma ya pasi mabega yakimtikisika.

Alasiri moja Chiriku alikuwa juu akimkunia Bibi mgongo, redio ikatoa sauti ya mwanamume.

"Nani yuko kwenye masafa haya? Ondokeni mara moja!"

Bibi akaikamata redio. "Wewe ndiye nani? Hata salamu huna?"

"Mama, haya ni masafa ya zima—" Sauti ikakatika kwa kikohozi kikavu, kho, kho, kho.

"Mwanangu, hicho kifua!" alisema Bibi, hasira zote zimemtoka. "Kunywa maji ya moto, ujifunike vizuri, na uache kufokea watu, ndiyo maana unakohoa. Ova." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Vijana wa siku hizi wanachezea mitambo ya watu."

Bibi alikuwa na uzito kidogo wa kusikia. Chiriku hakuwa nao. Ile "zima" aliisikia vizuri, na nusu ya neno iliyobaki angeweza kuimalizia mwenyewe. Angeshuka amwambie Mama. Lakini ukimwambia hilo, utaulizwa fundi alisema nini hasa, na ukiulizwa fundi alisema nini hasa... Akaendelea kukuna mgongo.

"Chini kidogo," alisema Bibi. "Hapo umepatia."

Kijana mwenye kikohozi aliendelea kutokea siku mbili tatu, saa ambazo Mama alikuwa nyuma ya duka akifua, mbali na redio yake, na kila mara Bibi alimwongezea ushauri: avae soksi, aoe mtu mpole. Yeye alizidi kufoka, Bibi akazidi kumhurumia.

Kisha ikafika siku ya mkoromo.

Mama alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa wateja, akamwacha Chiriku kaunta. Juu, Bibi alikuwa ameshiba, akaketi kwenye kiti chake cha matakia, na redio ikateleza ikaingia chini ya paja lake. Paja likakaa juu ya kitufe. Usingizi ukamchukua.

Chini dukani, redio ya pili ikaanza kukoroma.

Kwanza ulikuwa mkoromo mdogo, kama paka aliyelala. Halafu ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kabisa kiasi cha watu kutazamana, kisha ukalipuka kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Wateja walishika matumbo. Chiriku akaongeza sauti. Akaiweka redio mlangoni ili hata muuza magazeti apate sehemu yake. Akachukua pasi akaishika kama kipaza sauti na kutangaza, "Wasikilizaji wapenzi, mnamsikiliza Makao Makuu, moja kwa moja kutoka ghorofa ya tatu!"

Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, hadi mwanamke mmoja mwembamba alipotokea mlangoni. Alikuwa amevaa vifaa vya kusikilizia masikioni, na mkononi ameshika antena iliyofanana na mgongo wa samaki aliyekwisha kuliwa. Aliizungusha kulia, akaizungusha kushoto, akaielekeza juu, kwenye dari.

"Habari za hapa," alisema kwa upole. "Nani anakoroma?"

Wateja wakakumbuka shughuli zao, mmoja mmoja.

"Ni bibi yangu," alisema Chiriku, pasi ikiwa bado mdomoni.

"Mimi ni afisa wa ofisi ya mawasiliano. Nimemtafuta wiki nzima. Kila mara anaongea kidogo ananyamaza, ananipotea. Leo ndiyo amenisaidia." Afisa hakuwa anacheka. "Nipeleke juu. Haraka."

Walipanda mbio. Afisa alimwinua Bibi taratibu upande mmoja, akaichomoa redio, akaizima. Kimya kilichofuata kilimwamsha Bibi.

"Shikamoo, Mama," alisema afisa.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mke wa yule kijana mwenye kikohozi?"

Kabla afisa hajajibu, ngazi zilivuma kwa viatu vizito. Aliingia mwanamume mrefu mwenye sare ya zimamoto, uso mweusi kwa masizi, ananuka moshi. Nyuma yake alikuja Mama, kikapu mkononi, amepigwa na butwaa.

"Nimeona gari lako nje," zimamoto alimwambia afisa. "Umempata?" Akakohoa: kho, kho, kho.

"Hicho kifua bado?" alishangaa Bibi. "Si nilikuambia maji ya moto?"

"Ndiye!" alisema yule zimamoto akimnyooshea kidole, halafu akakumbuka umri wake, akakikunja kidole. "Ndiye huyu. Mama, mimi ni sajini wa kikosi cha zimamoto. Leo ghala la magodoro limewaka moto, mtaa wa nyuma ya hapa. Nilikuwa na askari wawili ndani ya moshi. Nje tuliona paa linaanza kubonyea. Nikashika redio kuwaambia watoke. Nini kilisikika?"

Akaitazama redio iliyokuwa mkononi mwa afisa.

"Mkoromo," alisema sajini. "Kila aliyebonyeza redio, mkoromo. Ikabidi askari wa tatu aingie mwenyewe kuwavuta kwa mikono. Wote wametoka, lakini yeye ameungua mkono. Sasa hivi yuko hospitali anafungwa bandeji."

Bibi alifungua mdomo, akaufumba. Katika maisha yake yote Chiriku hakuwahi kuona jambo hilo likitokea.

"Nani aliwaambia mnaruhusiwa kutumia redio hizi?" aliuliza afisa.

"Fundi wa pale kona," alijibu Mama. "Sikuzitumia hivihivi tu. Nilimtuma binti yangu kwake kwanza. Akazitazama sana, akasema sawa."

"Kumbe." Afisa alikunja uso. "Basi twende kwa huyo fundi. Fundi anayewahakikishia watu kitu cha hatari kama hiki hastahili kushika bisibisi. Karakana yake inaweza kufungwa leo hii."

Chiriku alizishuka ngazi zile kama mtu anayezishuka kwa mara ya kwanza. Kwa kawaida kichwani mwake maneno yalisukumana kutoka. Sasa hakupata hata moja.

Fundi alitoa kichwa kwenye kinanda kilichokuwa kimefunguliwa, akaona sare, akaona antena, akaona umati wa mtaa nyuma yao.

"Redio gani?" aliuliza. "Mimi redio hizi sijaziona maishani mwangu."

"Usikane, fundi," alisema Mama. "Binti yangu alikuja hapa. Binti yangu ana maneno mengi, sikatai, lakini hasemi uongo."

Ilikuwa afadhali Mama angempiga kofi. Chiriku alimtazama fundi. Mikono ya fundi ilikuwa imeshika meza ile iliyojaa nyaya kana kwamba watu wamekuja kuibeba.

"Hakuziona!" alisema Chiriku.

Watu wote wakageuka.

"Nilizificha mgongoni. Sikumuuliza kama zinaruhusiwa. Niliuliza kama ziko sawa, naye alikuwa ndani ya televisheni, akasema sawa, na pengine alikuwa anamjibu mtu mwingine." Sasa maneno yalikuwa yamepata mlango, yakatoka yote kwa mkupuo. "Na nilimsikia sajini aliposema zima, nikajua ni zimamoto, nikanyamaza. Na leo Bibi alipokoroma mimi ndiye niliyeongeza sauti badala ya kwenda kumwamsha. Fundi hana kosa. Msimfungie karakana yake."

Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Fundi alivuta kiti akakaa kwa kishindo, akasahau kwamba kiti hicho kilikuwa na vipaza sauti juu yake.

"Aa!" alisema, akasimama tena.

Mtu mmoja akacheka, wengine wakashindwa kujizuia, na hata sajini akageuza uso akajifanya anakohoa. Afisa peke yake hakucheka. Alichuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na ya Chiriku.

"Kusema kwako kumemwokoa mtu," alisema. "Sasa nisikilize vizuri, nikuonyeshe ulichopaswa kuuliza." Akaigeuza redio. "Hapa nyuma inatakiwa karatasi yenye aina ya mtambo na namba yake. Ikiwa imebanduliwa, hiyo peke yake inatosha kukutia shaka. Pili, kila mtambo unarusha kwenye masafa fulani. Hewa tunaigawana kama barabara: haya ya ndege, haya ya polisi, haya ya zimamoto, na yako machache ambayo hata mtoto anaweza kuyatumia kwa mtambo mdogo ulioidhinishwa. Tatu, kuna nguvu ya kurusha. Huu una nguvu za kufika mitaa mingi, na huwezi kuutumia bila leseni. Ukiwa hujui, unakuja ofisini kwetu na kuuliza. Kuuliza ni bure."

Alizichukua redio zote mbili. Baba mdogo aliitwa kueleza alikozinunua, na inasemekana siku hiyo hakucheka hata kidogo. Mama alipewa onyo, akalipokea akiwa ameinamisha kichwa.

Bibi yeye alisema haombi msamaha kwa kutuma watu. Anataka kwenda mwenyewe. Sajini akatuma vijana wawili wenye misuli, wakambeba na kiti chake ngazi zote hadi chini. Njiani hakuacha kuwaelekeza: "Kona hiyo! Taratibu! Wewe wa kushoto hujala leo?" Muuza magazeti alipiga makofi. Lakini walipofika kwa yule askari mwenye bandeji, Bibi aliushika mkono wake mzima akakaa nao kimya, mpaka askari mwenyewe akaanza kumbembeleza. Chiriku alisimama kando yake. Aliomba msamaha kwa sentensi moja tu, na ilikuwa sentensi ngumu kuliko zote alizowahi kusema.

Ngazi zilibaki palepale. Chiriku alizipanda na kuzishuka bila kunung'unika, mpaka fundi, ambaye hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, alipomwita karakanani.

"Nina vitu viwili," alisema. "Hiki kinapeleka sauti hewani, bila waya. Hiki kingine ni jozi ya vile visanduku vya kuongelea vya zamani, kimoja juu na kimoja chini, vinaunganishwa kwa waya. Cha hewani ni kizuri zaidi, lakini mimi sijui kama kinaruhusiwa. Nenda kaulize. Na safari hii," aliongeza, "kiweke mezani, usikiweke mgongoni."

Chiriku alikwenda na Mama hadi ofisi ya mawasiliano, akaviweka vitu vyote viwili juu ya kaunta, mbele ya afisa yuleyule.

"Nataka kujua kama tunaruhusiwa kutumia hiki," alisema, akionyesha kile cha hewani, ambacho alikitamani mno.

Afisa alisoma karatasi ya mgongoni, akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena. "Hiki hapana," alisema. "Hakijaidhinishwa."

Chiriku alikisogeza kando. "Asante. Na hiki cha waya?"

"Hicho sauti yake haitoki nje ya waya. Hakihitaji leseni yoyote. Nendeni mkaongee mpaka mchoke."

Jioni ile fundi alipanda ngazi ya mbao akipigilia waya ukutani, Chiriku akimshikia misumari. Mama alitoka dukani akasimama, mikono bado ina povu la sabuni.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" alimuuliza binti yake. "Hata ungesahau kwenda kwa fundi, nisingeumia hivi. Wewe ulikwenda kumuuliza huku umekwisha kujichagulia jibu. Mtu akiogopa kusikia hapana, huuliza vibaya makusudi, na jibu la namna hiyo halimlindi yeye wala jirani yake. Uliza swali lenyewe, kwa mtu anayejua, kisha ulete jibu kama lilivyo. Likiwa chungu, tutalimeza pamoja."

"Ndiyo, Mama."

"Leo ofisini ulijibiwa hapana mbele yangu, nikakuona unavyojikaza. Nilijisikia vizuri sana."

Fundi akashuka, akaunganisha waya wa mwisho, akamwambia Chiriku abonyeze. Chiriku akabonyeza. "Bibi, unanisikia?"

Kisanduku kikanguruma, "Nakusikia, mjukuu wangu. Mwambie fundi apande, chai yake iko tayari. Na mwambie mama yako chai hii nimeitia sukari, nimeionja kwanza kwa ncha ya ulimi."